Nusu Lita kwa Wiki: Uchambuzi wa Kisa cha Gari Lililochemsha Mshale Ukiwa Chini

## Kabla ya kuanza

Gari ninalolieleza hapa lilifika kwangu likiwa mgongoni mwa lori, asubuhi, na wenyewe wawili wamekaa mbele pamoja na dereva wa lori bila kusemeshana. Nimeondoa majina, aina ya gari, mahali na chochote ambacho kingemtambulisha mtu. Vipimo nimeviacha kama vilivyo kwenye daftari langu la kazi, kwa sababu bila vipimo kisa hiki kinabaki kuwa porojo za gereji. Fundi aliyelishika gari hili kabla yangu simtaji, wala sina ugomvi naye. Hata mimi nina doa langu humu ndani, tutalifikia.

## Gari na wenyewe

Ni gari dogo la petroli, silinda nne, injini ya lita 1.5, bloku (mwili wa injini) ya chuma na hedi (kifuniko kinachokaa juu ya silinda) ya aluminiamu. Lilikuwa limetembea kilomita 148,000. Pampu ya maji iko nje ya injini, inazungushwa na fenibelti, kwa hiyo ukifungua boneti na kuchungulia vizuri unaiona. Shika hilo, litarudi.

Wenyewe ni mke na mume wanaopokezana gari. Mume analitumia asubuhi, mke jioni na siku za mapumziko. Walilinunua likiwa limetumika, wakakaa nalo miaka 4, na katika miaka hiyo hawakuwahi kuchelewesha sevisi ya oili. Kila kilomita 5,000 oili na filta vinabadilishwa. Plagi zilishabadilishwa, breki zilishabadilishwa, matairi yana maua. Kwa macho ya wengi hili ni gari linalotunzwa, na mimi ningesema hivyo hivyo. Ila katika miaka hiyo 4 hakuna aliyewahi kumwaga kulanti ya zamani, yaani yale maji ya dawa ya rejeta, na kujaza mpya. Kadi yao ya sevisi ilikuwa na mistari ya oili, filta, plagi na breki. Mstari wa kulanti haukuwepo, na kisichoandikwa kwenye kadi hakiulizwi.

## Wiki nane

Wiki ya kwanza mume alifungua boneti kujaza maji ya waipa, akaona chupa ya akiba ya rejeta imeshuka chini ya alama ya chini. Akajaza nusu lita ya maji ya bomba. Alichungulia chini ya gari asione tone. Akafunga boneti.

Wiki ya tatu mke naye aliona vile vile, naye akajaza. Hakumwambia mumewe, na sioni kwa nini angemwambia. Nani humpa mwenzake taarifa kwamba ameongeza maji kwenye gari? Kuanzia hapo kila mmoja akawa anaongeza kwa wakati wake.

Wiki ya nne ikaanza harufu. Si kila siku, na si barabarani: ni pale tu gari linapoegeshwa likiwa bado la moto. Harufu tamu, kama ya sukari inayoanza kuungua. Walidhani ni ile manukato ya kuning'iniza kwenye kioo imeyeyuka kwa jua, wakaitupa. Harufu ikabaki.

Wiki ya tano, kwenye mlima mrefu, watu wanne ndani na kiyoyozi kimewashwa, mshale wa joto ulivuka nusu. Kufika kilele na kuanza kuteremka ukarudi mahali pake. Mume alimsimulia mwenzake kazini, akajibiwa papo hapo: "Hiyo ni themostati, imekwama." Themostati ni kama mlango unaofungua na kufunga njia ya maji ya kwenda rejeta.

Siku iliyofuata alipita gereji iliyokuwa njiani akamwambia fundi, "Nitolee themostati, imekwama." Fundi akaitoa, akafunga nyumba yake ikiwa tupu, akajaza maji, akamruhusu. Kazi ya chini ya saa moja. Siku zilizofuata mshale ulikaa chini ya pale ulipozoea kukaa, hata mlimani. Wakaona wamepona.

Wiki ya sita na ya saba maji yakaendelea kuongezwa. Injini ilichelewa kupata joto asubuhi, na petroli ikaanza kwisha mapema kuliko kawaida. Kwa hilo la petroli waliilaumu foleni.

Wiki ya nane, jioni, mke alikuwa peke yake kwenye foleni ya kusogea na kusimama. Mshale ukapanda hadi robo tatu. Akaamua kutafuta mahali pa kuegesha, uamuzi sahihi kabisa. Kabla hajapata nafasi, mshale ukashuka wenyewe, tena haraka, mpaka chini kabisa. "Nikashusha pumzi," alinieleza. "Nikajua limepoa." Foleni ikafunguka, akaendelea kilomita 6. Njiani injini ikaanza kugonga kila anapokanyaga mafuta, mlio kama kokoto ndani ya kopo. Nguvu ikapungua, kisha ikazima kwenye njia panda.

Alilisukumiza pembeni kwa msaada wa wapita njia, akapiga picha ya dashibodi amtumie mumewe amwambie zile taa zinamaanisha nini. Picha hiyo ninayo kichwani hadi leo. Taa zote zimewaka, na mshale wa joto umelala chini kama gari lililokesha nje kwenye baridi.

Mume alifika baada ya dakika arobaini na chupa mbili za maji za lita 1.5. Rejeta ilimeza zote mbili na bado ilitaka. Injini ikawaka ikitetemeka kama mgonjwa wa homa, moshi mweupe ukitoka kwenye eksozi. Wakaenda nalo nyumbani, kilomita 4 nyingine. Asubuhi likagoma.

## Nilichouliza

Sikufungua boneti kwanza. Niliwauliza wote wawili kwa pamoja, kwa sababu mara nyingi jibu liko katikati ya watu wawili.

"Maji mlikuwa mnaongeza?"

"Kidogo tu, fundi," mume akasema. "Nusu lita kwa wiki. Wiki nyingine hata sijazi."

Mke akamgeukia. "Hujazi kwa sababu unakuta nimeshajaza."

Kimya. Tukapiga hesabu palepale juu ya boneti. Wiki za mwisho walikuwa wakiongeza karibu lita nzima kwa wiki, kwenye mfumo unaobeba lita 5.5 zote kwa jumla. Kila mmoja alikuwa anajua nusu ya ugonjwa, na nusu ya ugonjwa haitishi.

## Nilichopima

Kijiti cha oili kilitoka safi, hakuna rangi ya maziwa. Mume alifurahi, kwani alikuwa amesikia kwamba gasketi ikiungua oili inakuwa nyeupe. Nilimwambia asubiri. Gasketi ya hedi, kile kipande chembamba kinachokaa kati ya hedi na bloku, inaziba vitu vitatu kwa pamoja: mlipuko ndani ya silinda, njia za maji na njia za oili. Inaweza kuungua upande wa maji na silinda huku oili ikiwa salama kabisa.

Nilifunga pampu ya kupimia presha kwenye mdomo wa rejeta, injini ikiwa baridi, nikapandisha hadi bar 1. Presha ikashuka ndani ya dakika mbili. Nikachungulia kwa tochi chini ya pampu ya maji: kwenye kile kitundu kidogo kilicho tumboni mwake kulikuwa na ukoko wa waridi uliokauka, na juu ya ukoko tone jipya linajikusanya. Kitundu hicho kimewekwa na watengenezaji kwa makusudi. Sili ya pampu ikichoka, maji hutokea hapo ili mtu aone kabla hayajafika kwenye beringi. Ukoko ule haukuwa wa wiki moja. Ulikuwa umejijenga tabaka juu ya tabaka.

Nikapima kompresheni, yaani presha inayobanwa ndani ya kila silinda. Silinda ya 1 ilitoa bar 12.5, ya 4 bar 12.2. Ya 2 ilitoa 7.1 na ya 3 ikatoa 6.8. Silinda mbili zinazopakana zikishuka kwa pamoja hivyo, kwa kawaida gasketi imekatika kwenye ule ukuta mwembamba kati yake. Mwisho nikatumia kile kimiminika cha bluu kinachobadilika kuwa njano kikikutana na gesi ya moshi. Nilikishikilia juu ya mdomo wa rejeta huku injini ikizungushwa. Kikawa njano kabla sijahesabu ishirini.

Hapo hakuna tena cha kubishana. Hedi inashuka.

## Maamuzi na sababu zake

Kulikuwa na njia nne mezani.

Mume aliuliza kwanza kuhusu dawa ya kuziba, ile ya kumimina kwenye rejeta. Nilikataa. Dawa ile haichagui tundu. Inaziba penye ufa na inaziba pia mirija myembamba ya rejeta na ya hita. Kwa gari linalosubiri kukatwa skrepa, sawa. Kwa gari wanalotaka kuendelea nalo, ni kuongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Njia ya pili ilikuwa kubadilisha gasketi peke yake na kurudisha hedi kama ilivyo. Hii ndiyo inayofanywa sana, na ndiyo inayorudisha magari gereji baada ya miezi mitatu. Aluminiamu ikipashwa joto hutanuka takriban mara mbili ya chuma cha bloku. Injini ikichemsha, hedi inataka kutanuka, bloku na bolti zinaikatalia, na hedi inaishia kupinda. Nilipoishusha nikaiwekea rula ya chuma iliyonyooka na kupitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) chini yake. Katikati, juu ya silinda ya 2 na ya 3, ilipita geji ya milimita 0.14. Kwa injini hii mwisho wa kuvumilika ni 0.05. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda hivyo ingekuwa sawa na kufunga mlango uliovimba.

Njia ya tatu, injini ya mtumba. Ilikuwa na mvuto wake, lakini injini ya mtumba huijui ilinyweshwa maji gani kabla yako. Hii tulikuwa tunaijua, na ringi zake (zile pete za pistoni) zilikuwa na miaka 4 ya oili safi nyuma yake. Hiyo ndiyo faida pekee waliyovuna siku hiyo kutokana na sevisi zao, na haikuwa ndogo: silinda ya 1 na ya 4 bado zilikuwa na nguvu, na kuta za silinda zote nne hazikuwa na mikwaruzo.

Tukachagua ya nne. Hedi ikapelekwa karakana ya mashine ikapimwa ufa kwa presha, ikachongwa uso. Gasketi mpya, bolti mpya za hedi (za injini hii hukazwa mpaka zivutike kidogo, kwa hiyo hazirudiwi), pampu mpya, kifuniko kipya cha rejeta, oili mpya. Na themostati mpya ikarudi nyumbani kwake. Mume alisita hapo. "Si ilitolewa kwa sababu ilikuwa mbovu?" Nikamwambia hakuna aliyewahi kuipima. Ile ya zamani ilikuwa bado kwenye buti, imefungwa kwenye kitambaa. Tuliichemsha ndani ya sufuria na kipimajoto kando yake, ikafunguka vizuri kabisa kwenye 84 °C. Ilikuwa nzima.

Nilimwona akiitazama ile sufuria kwa muda.

## Nilipoteleza

Rejeta niliisuuza kwa maji mpaka yakatoka safi, nikaridhika. Gari likaondoka. Siku ya nne likarudi: mlimani, mshale umeanza kuinuka tena.

Nilijaribu kwanza kujidanganya kwamba ni hewa iliyobaki kwenye mfumo. Nikatoa hewa upya, nikafunga skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari), nikalipeleka mlimani mwenyewe. Joto likafika 108 °C na bado lilikuwa linapanda. Kurudi, nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo: nilipitisha kipimajoto cha mwanga juu ya uso wa rejeta, kipande kwa kipande. Juu kushoto nilisoma 88. Chini kulia nilisoma 52. Tofauti kubwa namna hiyo, ndani ya nafasi ndogo namna hiyo, inamaanisha maji hayapiti pale kabisa. Karibu theluthi ya mirija ilikuwa imeziba kwa kutu na magamba ya maji ya bomba waliyokuwa wakijaza, na pengine ya miaka ya kabla yao. Maji safi hutoka vizuri tu hata kwenye rejeta iliyoziba; yanapita kwenye mirija iliyo wazi na kukwambia kila kitu ni shwari.

Rejeta ikabadilishwa. Gharama ya ufundi niliibeba mimi, maana kipimo kile ni cha dakika tano na kifaa nilikuwa nacho mfukoni. Nilikiruka kwa sababu nilishapata mkosaji, nikaacha kutafuta wengine.

## Matokeo

Miezi saba baadaye, kilomita 9,000 zaidi, kulanti haijashuka hata unywele. Kompresheni niliipima tena kwenye sevisi: zote nne ziko kati ya 12.0 na 12.6. Mlima ule ule, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, skana inasoma 94.

Kuna kilichobaki. Gari sasa linakula oili kidogo, jambo ambalo halikuwepo kabla. Ringi za oili zikipita kwenye joto kali hupoteza mkazo wake, na hakuna gasketi mpya inayourudisha. Niliwaeleza mapema kwamba hilo linaweza kutokea, na limetokea.

## Uchambuzi

Maji ya rejeta hayaliwi. Hili ndilo kiini cha kisa chote. Petroli inaliwa, maji ya waipa yanatumika, kwa hiyo mtu anaona ni kawaida maji ya rejeta nayo yapungue. Kulikuwa na zama ambapo ilikuwa kweli. Bertha Benz alipoendesha gari la mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim mwaka 1888, alilazimika kusimama mara kwa mara kuongeza maji, kwani injini ile ilipozwa kwa kuyaacha maji yachemke na kutoka kama mvuke. Gari la leo lina mfumo uliofungwa. Yaliyoingia yanazunguka na kubaki, na kiasi kinachopotea kwa mwaka kwenye mfumo mzima ni kidogo sana. Ukiongeza mara moja, inawezekana aliyejaza mwanzo hakujaza vizuri. Ukiongeza mara ya pili ndani ya mwezi mmoja, gari linavuja, hata kama sakafu ni kavu.

Na sakafu ilikuwa kavu kwa sababu inayoeleweka. Pampu hii ilivuja tu injini ikiwa ya moto na mfumo una presha. Tone lilitoka kwenye kitundu, likaangukia chuma cha moto, likawa mvuke. Ile harufu tamu ndiyo ilikuwa dimbwi lao. Kulanti ina glaikoli, na glaikoli ikichomwa hunukia utamu.

Maji ya bomba yalifanya madhara mawili kwa mpigo. Kulanti ikichanganywa nusu kwa nusu na maji hulinda chuma dhidi ya kutu na huchemka kwenye joto la juu kidogo kuliko maji matupu. Kila nusu lita ya bomba ilipunguza kinga hiyo na kuongeza magamba. Halafu kuna presha. Kifuniko cha rejeta kinashikilia takriban bar 1 juu ya hewa ya nje, na kwa presha hiyo hata maji matupu hayachemki mpaka yakaribie 120 °C. Mfumo unaovuja haushiki presha, na bila presha yanachemka kwenye 100, joto ambalo injini yenye afya huligusa kila siku.

Mshale ulidanganya mara mbili, na mara zote mbili ni kwa tabia yake. Kwenye magari mengi ya miaka ya karibuni mshale umefundishwa kukaa katikati kwa joto la karibu 80 hadi zaidi ya 100, ili dereva asihangaike na kila mabadiliko madogo. Maana yake ukiuona umeinuka hata kidogo, joto limeshapita mbali. Pale mlimani wiki ya tano ndipo lilipaswa kusimamishwa na kuitiwa mtu. Wiki ya nane ikawa kinyume chake: maji yaliisha mpaka sensa ikabaki hewani, na sensa isiyoguswa na maji inaweza kusoma chini huku hedi ikiungua. Mshale unaoshuka taratibu baada ya mlima ni gari linapoa. Mshale unaoporomoka kwenye foleni ni gari limekauka. Hapo ni kuzima palepale, hata kama ni katikati ya barabara na watu wanapiga honi, kuacha lipoe bila kugusa kifuniko, na kutomwagia injini ya moto maji baridi.

Simlaumu mke hata chembe kwa hizo kilomita 6. Alisoma kifaa alichopewa na kifaa kikamwambia uongo. Zile kilomita 4 za baadaye, injini ikitetemeka na moshi mweupe, hizo ninazilaumu. Nadhani hizo ndizo zilizoipindisha hedi kufika 0.14, ingawa siwezi kuthibitisha.

Kuhusu themostati. Kuitoa ni desturi ya zamani sana ya mafundi, na inadumu kwa sababu *inaonekana* kufanya kazi. Kifaa hiki hubaki kimefungwa mpaka injini ifike kati ya 82 na 90 °C hivi, kisha kinafunguka na kuruhusu maji yaende rejeta. Ukikitoa, maji yanazunguka muda wote, injini inakaa baridi kuliko ilivyobuniwa, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumimina petroli ya ziada. Hapo ndipo petroli yao ilipokuwa ikienda. Na kwa sababu mshale ulishuka, walipata wiki tatu za amani ambazo pampu ilizitumia kumaliza maji.

Fundi wa kwanza. Watu hutaka nimseme. Aliombwa atoe themostati, akaitoa. Mteja hakumwambia kwamba anaongeza maji, wala kwamba kuna harufu. Alimletea jibu tayari, na mtu akiletewa jibu tayari, na foleni ya magari nyuma yake, anafanya alichoambiwa. Hata hivyo fundi mwenye uzoefu akisikia gari linachemsha anatakiwa kuuliza maji yanakwenda wapi kabla ya kushika spana, na ile pampu ya kupimia presha ingemwonyesha tone ndani ya dakika chache. Gharama yake wakati huo ingekuwa pampu moja na asubuhi moja.

Mume angesema nini badala yake? Alichokiona, basi. "Fundi, naongeza maji kila wiki, chini pakavu, likiegeshwa linanukia tamu, na jana mlimani mshale ulipanda likiwa limebeba watu wanne." Sentensi hiyo moja ina uchunguzi wote ndani yake. Neno themostati halimo.

Sevisi, matengenezo, ushauri. Wenye magari wengi huyaweka haya kwenye kapu moja, na gari hili liliponzwa na hilo kapu. Sevisi inakwenda kwa kilomita na kwa kalenda, gari likiwa zima: oili, filta, kulanti kila miaka 2 hadi 5 kutegemea aina yake, mafuta ya breki, mikanda. Matengenezo ni pale kinachojulikana kuwa kibovu kinabadilishwa. Ushauri ni kwa ajili ya kitu kimebadilika na hujui kwa nini. Hawa wawili walikuwa na kitu kimebadilika tangu wiki ya kwanza, wakakipa sevisi ya kujitengenezea wiki baada ya wiki, kisha wakarukia matengenezo. Hatua ya katikati, ya kumlipa mtu apime tu bila kubadilisha chochote, haikuwahi kuwajia akilini. Wengi huona aibu kufika gereji bila kazi ya kumpa fundi. Mimi magari ninayopenda kuyaona ni hayo.

Kilichofaa. Oili, kama nilivyosema. Ile picha ya dashibodi pia, maana bila hiyo nisingeamini kwamba mshale ulikuwa chini. Na kuwauliza wote wawili wakiwa wamesimama pamoja. Ningemhoji mume peke yake ningeandika "nusu lita kwa wiki" na kuanza kazi kwa hesabu ya uongo.

Sasa kwenye chupa yao ya akiba kuna kipande cha utepe mweupe kwenye alama ya juu, chenye tarehe kwa kalamu, na kwenye kisanduku cha mbele kuna kidaftari ambacho yeyote anayeongeza chochote anaandika. Wiki iliyopita mke alinipigia simu.

"Fundi, oili imeshuka nusu ya nafasi kati ya alama mbili."

Nikamuuliza baada ya kilomita ngapi. Nikasikia kurasa zikifunguliwa.

"Elfu moja mia moja na arobaini. Tulipima likiwa limelala, asubuhi."